Kupanga Wachezaji kwa Uwezo: Nani Analindwa, Nani Anaumia?

Ukibonyeza kitufe cha kuanza mechi kwenye Call of Duty au PUBG Mobile, unasubiri kidogo kisha unajikuta uwanjani na watu usiowajua. Katika muda huo mfupi kompyuta ya kampuni imekwisha kukuamulia mengi: seva utakayochezea, wenzako wa upande mmoja na wapinzani wako. Katika gemu nyingi za leo, mojawapo ya mambo yanayotazamwa ni uwezo wako, uliokokotolewa kutokana na mechi zako za nyuma. Nia ni kwamba wanaolingana wakutane, na fundi asimkute mwanagenzi.

Ni nia njema, lakini imezua mgogoro wa muda mrefu kati ya wachezaji na watengenezaji wa gemu. Wachezaji wanalalamika kwamba kila mechi imekuwa fainali, kwamba kucheza na marafiki kumekuwa adhabu, kwamba wanatupwa kwenye seva za mbali. Kampuni zinajibu kwamba bila mpango huo wanyonge wangekimbia na gemu zingekufa. Pande zote mbili zina ukweli ndani yake, na ndiyo maana suala hili linafaa kupimwa hoja kwa hoja.

Msimamo wangu ni kwamba kupima uwezo si kosa. Kosa ni kukifanya kipimo siri, kukiingiza hata kwenye mechi za kujifurahisha, na kukibebesha kazi tatu kwa mpigo: kumlinda mgeni, kuleta ushindani mzuri, na kumzuia mteja asiondoke. Kazi hizo tatu hugongana, na zinapogongana mchezaji haambiwi ipi imepewa kipaumbele.

Kutoka sataranji hadi Xbox

Asili ya kipimo hiki ni sataranji. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee nchini Marekani, alibuni hesabu ya kukadiria uwezo wa wachezaji. Shirikisho la sataranji la Marekani liliipokea mwaka 1960, na lile la dunia, FIDE, mwaka 1970. Hesabu yenyewe inaeleweka kwa urahisi. Mwenye alama 1,600 akikutana na mwenye 1,400, anatarajiwa kuvuna kama asilimia 76 ya pointi zinazogombaniwa. Ikiwa mechi moja haiwezi kubadili alama kwa zaidi ya 32, basi akishinda anaongezewa 8 tu, lakini akifungwa anapoteza 24, kwa kuwa ameangushwa na mtu ambaye yeye ndiye aliyetarajiwa kumshinda. Baada ya mechi nyingi kila mtu hutua karibu na alama inayomfaa.

Mwaka 2004, Halo 2 ilionyesha kwamba mchezaji hahitaji kuhangaika kutafuta seva mwenyewe: anabonyeza, anapangiwa. Haukupita muda mrefu watafiti wa Microsoft walioko Cambridge, Uingereza, wakabuni TrueSkill kwa ajili ya Xbox. Mfumo huo unatunza namba mbili kwa kila mchezaji: makadirio ya uwezo wake, na kiasi cha shaka kilichopo juu ya makadirio hayo. Mgeni huanza na makadirio ya 25 na shaka kubwa, na kila anapocheza shaka hupungua.

Kuna mambo matatu, hata hivyo, yaliyoachwa njiani. Mchezaji wa sataranji anaijua alama yake na ya mpinzani wake. Anacheza mtu kwa mtu. Na alama zake huguswa kwenye mashindano, haziguswi anapocheza sebuleni na shemeji yake. Gemu za mtandaoni zilichukua hesabu, zikayaacha masharti hayo. Kasoro nyingi zinazolalamikiwa leo zinatokana na kuachwa huko.

Jasho lisiloonekana

Tuanze na siri. Kadiri unavyoimarika, alama yako iliyofichwa inapanda, na wapinzani unaoletewa wanapanda pamoja nawe. Matokeo yake ni kwamba unashinda takriban nusu ya mechi zako, sawa na ulivyokuwa ukishinda ulipokuwa dhaifu. Kwenye mechi za ranki si tatizo, kwa sababu beji yako inapanda na kila mtu anaiona. Kwenye mechi za kawaida hakuna beji. Umelenga shabaha usiku hadi usiku, umejifunza kila kona ya ramani, lakini ukitazama takwimu zako hazijasogea. Mfumo unajua kwamba umeimarika; wewe hujui.

Pamoja na hilo, mchanganyiko wa watu unapotea. Kwenye baraza la bao kule Unguja, kijana anayejifunza hukaa mbele ya fundi, akafungwa, akaona jinsi mwenzake anavyohesabu kete mizunguko kadhaa mbele kabla hajagusa shimo. Kipigo kile ni somo, na amekitafuta mwenyewe. Seva za zamani za Quake na Counter-Strike zilikuwa na hali inayokaribia hiyo. Watu walichagua seva kwenye orodha, wakawa wenyeji wake, wakafahamu yupi ni hatari na yupi ni mgeni, wakaiga mbinu za waliowazidi. Siku moja unapigwa, siku nyingine unapiga. Mfumo unaokuweka daima na watu wa kiwango chako hukuondolea kipigo kikubwa, na pamoja nacho nafasi ya kuona ustadi ulio juu yako.

Mechi za kujifurahisha zisizofurahisha

Mtu anayeingia kwenye mechi za kawaida baada ya kutoka kazini mara nyingi anataka kupumzika. Anataka kujaribu silaha ambayo hajawahi kuitumia, au kupiga soga na wenzake huku akicheza. Mfumo haujui nia yake, unajua matokeo tu. Akicheza kwa kulegea anapigwa, kwa sababu amewekewa watu wanaolingana naye anapokuwa makini. Akipigwa mara kadhaa, makadirio yake yanashuka, naye anapelekwa kwa watu dhaifu zaidi. Kesho yake anarudi akiwa makini, anawachakaza wale wanyonge kwa mechi mbili tatu, kisha anapandishwa tena. Hivyo mfumo uliokusudiwa kumlinda mnyonge unamletea fundi mlangoni, ambaye hata hakukusudia ubaya.

Skwadi ya marafiki watatu

Sharti la pili lililoachwa ni mtu kwa mtu. Chukulia marafiki watatu wanaotumia alama za mtindo wa Elo. Mmoja anacheza kila usiku, ana 1,900. Wa pili anacheza wikendi, ana 1,300. Wa tatu amepakua gemu juzi, ana 900. Wastani wao ni karibu 1,370, na mfumo unaotumia wastani utawaletea wapinzani wa kiwango hicho.

Sasa tazama kinachotokea wanapokutana ana kwa ana. Yule mgeni mwenye 900, akipambana na mpinzani wa 1,370, anatarajiwa kushinda kama mara 6 tu katika mapambano 100. Fundi mwenye 1,900 naye, mbele ya mpinzani huyohuyo, anatarajiwa kushinda karibu mara 95. Kwenye karatasi timu mbili zinalingana. Uwanjani, mmoja anachakazwa muda wote, mwingine anachakaza, na wapinzani wao wanapata shida ileile kwa upande wa pili. Mfumo ukiamua kuegemea alama ya aliye juu zaidi ili kuzuia ujanja, mgeni anaumia hata zaidi. Baada ya siku chache fundi anaona haya kuwaalika wenzake, na mgeni anaacha kuuliza kama kuna mechi usiku huo.

Gemu nyingi zimewafikia watu kwa njia ya urafiki. Kaka anamfundisha mdogo wake, mwenzako wa hosteli anakuambia upakue. Mfumo unaowaadhibu watu wa viwango tofauti wanaocheza pamoja unaikata njia hiyohiyo. Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019 ilikwenda mbali zaidi kwa kuvunja lobi, yaani kundi la wachezaji waliokusanywa kwa mechi, kila mechi inapokwisha, wachezaji wakapangwa upya. Pale palipozoeleka kuwa na mechi ya marudiano, utani na visasi vya kirafiki, pakabaki safari ya kukutana na wageni wapya kila baada ya dakika kumi.

Umbali na uchache wa watu

Hapa ndipo wachezaji wa Afrika Mashariki wanapoguswa zaidi. Ili upate watu wanaolingana, unahitaji watu wengi. Chukulia kwamba usiku wa manane kuna wachezaji 2,000 wa gemu moja katika eneo zima. Wagawe kwa aina nne za mechi, unabaki na 500. Wagawe tena kwa viwango vitano vya uwezo, unabaki na 100, na wengi wao tayari wamo ndani ya mechi. Gemu ya kubaki wa mwisho huhitaji kama watu 100 kwa mpigo. Hesabu haitoki.

Mfumo ukikwama namna hiyo una njia tatu, na kila moja ina gharama. Ya kwanza ni kukusubirisha, huku dakika za bando lako zikihesabika. Ya pili ni kukutafutia wenzako mbali. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, ambako kuna vituo vikubwa vya data, ni karibu kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 25. Hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000, sawa na milisekunde 70, na nyaya za baharini huzunguka kuliko mstari ulionyooka. Katika gemu za kufyatuliana risasi tofauti hiyo inaamua mechi. Unamwona adui, unapiga, lakini kwa seva wewe umeshakufa kabla risasi yako haijafika. Kwa hiyo mfumo umekutafutia mtu mnayelingana kwa uwezo, kisha ukampa yeye faida ya mtandao. Ulingano huo hauna maana.

Njia ya tatu ni kujaza nafasi kwa boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta. Fortnite ilitangaza kuwaingiza mwaka 2019 ilipoanzisha upangaji mpya wa mechi, na kwenye PUBG Mobile boti wanajulikana sana katika ranki za chini. Kwa mgeni anayejifunza si jambo baya. Ubaya ni kutomwambia. Anashangilia ushindi dhidi ya mashine, akidhani ameshinda watu, na siku anapopandishwa kwa watu halisi anaporomoka bila kuelewa kimetokea nini.

Walio kileleni nao wanaumia. Mwaka 2016 gemu ya Overwatch ilikuwa na kitufe cha kuomba kutopangwa na mtu fulani. Jeff Kaplan, aliyeongoza utengenezaji wake, alieleza kisa cha mmoja wa wachezaji bora duniani wa mhusika anayeitwa Widowmaker. Mchezaji huyo alilalamika kwamba anasubiri mechi muda mrefu mno. Watengenezaji walipochunguza wakagundua kwamba watu walimkwepa kwa sababu tu alikuwa hodari, ingawa hakuwa na tabia mbaya. Kitufe kikaondolewa. Kisa hicho hakikutokana na hesabu ya uwezo, lakini kinaonyesha vizuri kinachompata bingwa kila idadi ya watu anaoruhusiwa kukutana nao inapobanwa: ustadi wake unageuka kuwa adhabu ya foleni.

Ujanja unaozaliwa

Kipimo chochote chenye faida hutafutiwa mwanya. Mafundi hufungua akaunti mpya ili waonekane wageni na kuwapiga wanyonge. Tabia hiyo imepewa jina la katuni za Smurf tangu miaka ya 1990, wakati mabingwa wa Warcraft II walipojificha kwa majina hayo ili wapate watu wa kucheza nao. Mwaka 2023 Valve ilitangaza kuzifungia akaunti 90,000 za namna hiyo katika Dota 2. Wengine hujifungisha makusudi ili washushwe, au hutumia VPN ili waonekane wako nchi ambayo saa hizo wachezaji ni wachache na mfumo umelegea. Wengine huuza huduma ya kupandisha ranki za watu, biashara iliyokua kiasi kwamba Korea Kusini iliipiga marufuku kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2019.

Katika yote haya anayelipa gharama ni yuleyule mgeni aliyekusudiwa kulindwa. Zamani alikutana na fundi kwa bahati mbaya. Siku hizi kuna fundi aliyesumbuka kufungua akaunti mpya ili amfikie.

Siri huzaa shaka

Mwaka 2017 Activision, kampuni ya Call of Duty, ilipewa hataza ya mfumo wa kupanga mechi kwa namna itakayowashawishi wachezaji kununua vitu ndani ya gemu, kwa mfano kumkutanisha mgeni na mtaalamu mwenye silaha ambayo mgeni huyo angeitamani. Kampuni ilisema ulikuwa utafiti tu na haujatumika katika gemu yoyote. Mwaka huohuo watafiti, wakiwemo wa Electronic Arts, walichapisha kazi iliyopendekeza kupanga mechi kwa lengo la kumfanya mchezaji asiache gemu. Hoja yao ilikuwa kwamba mechi inayolingana si lazima iwe ndiyo itakayombakiza mtu.

Kuwepo kwa utafiti si ushahidi kwamba mfumo huo unatumika katika gemu unayocheza. Hata hivyo, mchezaji aliyefungwa mara tano mfululizo hana njia ya kujua kama amecheza vibaya, amekosa bahati, au amepangiwa. Shaka hiyo inaharibu kitu muhimu kuliko vyote katika ushindani: imani kwamba matokeo ni ya wachezaji. Ukishinda unajiuliza kama umepewa, na ukishindwa una kisingizio tayari. Hakuna anayejifunza katika mazingira hayo.

Upande wa pili una hoja

Mwaka 2024 Activision ilifanya jambo ambalo kampuni nyingi hazifanyi: ilichapisha maelezo ya jinsi Call of Duty inavyopanga mechi. Ilisema ubora wa mtandao ndio kigezo cha kwanza, ukifuatiwa na muda wa kusubiri. Ilieleza pia jaribio lililofanywa Amerika Kaskazini katika Modern Warfare III, ambamo uzito wa uwezo ulipunguzwa kwa baadhi ya wachezaji bila wao kuambiwa. Asilimia 90 ya wachezaji walirudi kucheza kwa kiwango cha chini kuliko kawaida. Waliorudi zaidi walikuwa asilimia 10 ya juu. Kampuni ilionya kwamba wa chini wakiondoka, wanaowafuata ndio wanaokuwa wa chini, nao wataondoka.

Ushahidi huo ni mzito na anayelalamikia mfumo anapaswa kuukabili. Ushindi rahisi wa mmoja ni kipigo cha mwingine, na sauti zinazosikika zaidi kwenye mjadala huu ni za wachezaji hodari na wanaorusha mechi zao mubashara, ambao mechi rahisi zinawafaa. Mnyonge hafungui mjadala, anafuta gemu na kuondoka. Tena kuna mfano wa XDefiant ya Ubisoft, iliyozinduliwa Mei 2024 ikijinadi kwamba mechi zake za kawaida hazipangwi kwa uwezo. Ilifungwa Juni 2025. Gemu haifi kwa sababu moja, lakini ni wazi kwamba kuondoa kipimo peke yake hakutoshi kuwabakiza watu.

Jibu langu ni kwamba jaribio lile lilipima jambo moja: kurudi. Kurudi ni muhimu kwa kampuni, na kwa kiasi fulani kunaonyesha furaha. Lakini hakupimi urafiki uliovunjika, ustadi ambao mtu hakuuona, wala imani iliyopotea. Isitoshe, lililinganisha mpango uliopo na mpango huohuo uliolegezwa. Halikujaribu mpango wa tatu ulio bora. Activision yenyewe imeanza kutafuta njia nyingine: Call of Duty: Black Ops 7, iliyotoka Novemba 2025, ilikuja na mechi za kawaida ambazo kwa chaguo-msingi hazizingatii sana uwezo, na lobi zisizovunjika baada ya mechi.

Kila kazi ipewe mahali pake

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa gemu alindwe kwa uzio ulio wazi, kama XDefiant ilivyofanya kwa kuwatengea wageni mechi zao hadi wafikie kiwango cha 25, na aambiwe kwamba uzio upo na utaondolewa lini. Boti wakitumika humo wawe na alama ya kuwatambulisha.

Ranki ibaki ya ranki. Anayeingia huko ameomba kupimwa, basi apimwe kikamilifu, aone alama yake na aone imebadilikaje baada ya kila mechi, kama mchezaji wa sataranji.

Kwenye mechi za kawaida, watu wakusanywe kwanza kwa ukaribu wa mtandao, kisha uwezo utumike kugawa pande mbili ndani ya lobi. Hii ni tofauti kubwa kuliko inavyoonekana. Kipimo kikitumika kuchagua watu, kinawatenganisha na kuwapeleka seva za mbali. Kikitumika kugawa timu, fundi anawekwa upande mmoja na mgeni, wanacheza pamoja, na mechi bado inakuwa na ushindani. Lobi isivunjwe, pande zipangwe upya kila mechi ikiisha. Mpango huu unawafaa hasa wachezaji wa maeneo yenye watu wachache kama kwetu, kwa sababu hauhitaji umati.

Mwisho, mchezaji apewe uamuzi pale vigezo vinapogongana. Baada ya dakika moja ya kusubiri, gemu imuulize: uendelee kungoja wanaolingana nawe hapa karibu, ukubali viwango mchanganyiko, au uende seva ya mbali? Swali hilo ni rahisi kuliweka kwenye skrini. Leo linajibiwa kwa niaba yake, bila yeye kujua kwamba limeulizwa. Kampuni zina haki ya kupima, na zina haki ya kufanya biashara. Lakini ushindani ni mali ya wanaoshindana, na mtu anayetoa muda na bando lake kuingia uwanjani anastahili kujua amepangwa na nani, na kwa sababu gani.